Special Olympics, Unified, Virtus au klabu ya kawaida: ipi inamfaa kijana wako?

Mtu akishaamua kwamba mwanae au mdogo wake mwenye ulemavu wa akili aingie kwenye michezo ya kueleweka, yenye kocha na ratiba na mechi, sio kupiga piga mpira nyuma ya nyumba, swali linalofuata ni aende wapi, na hapo ndo watu wanapotea maana majina ni mengi na kila mtu anakushauri alichokiona kwenye tivii. Wengi wanadhani Special Olympics na Paralimpiki, ile Olimpiki ya watu wenye ulemavu, ni kitu kimoja. Hapana. Ni mashirika tofauti, masharti tofauti, hata kushinda kwenyewe kuna maana tofauti, unaweza ukamwandaa kijana miaka na miaka kwa ajili ya mlango mmoja kumbe alitakiwa apite mwingine.

Kwa haraka njia ziko nne. Kuna Special Olympics ya kawaida ambayo wachezaji wote wana ulemavu wa akili. Kuna Unified, nayo iko chini ya hiyo hiyo Special Olympics, ila timu inachanganya wenye ulemavu na wasio nao. Kuna Virtus na Paralimpiki, hii ni ya watu wanaotafuta viwango vya juu. Na kuna klabu ya kawaida tu, ile ambayo watoto wengine wote wanaenda, kijana wako anajiunga kama mtu mwingine.

Mimi kipimo changu ni kimoja, nenda siku ya mazoezi au mashindano, usimwangalie anayeongoza, mwangalie anayeshika mkia. Anafanyiwa nini? Anapangwa na wa saizi yake, anachujwa, anapewa wa kumsaidia, au anakalishwa benchi mpaka mechi iishe? Hizi njia nne zinatofautiana hapo hasa, mambo ya jezi na medali na safari yanakuja baadae.

Special Olympics, na haya mambo ya madaraja

Hii ndo inayopatikana sehemu nyingi zaidi duniani. Mwanzilishi ni Eunice Kennedy Shriver, alianza na kambi ya watoto nyumbani kwake Maryland mwaka 1962, alafu Julai 1968 yakafanyika mashindano ya kwanza ya kimataifa pale Soldier Field, Chicago, wachezaji kama 1,000 hivi kutoka Marekani na Kanada. Leo wana michezo zaidi ya 30, riadha, kuogelea, mpira wa miguu, bocce (unarusha mipira isogelee kimpira kidogo), kunyanyua vitu vizito, mpaka kuteleza kwenye theluji.

Umri wa kuanza kushindana ni miaka 8. Wadogo wa miaka 2 mpaka 7 wana programu yao inaitwa Young Athletes, hamna mashindano humo, ni kuruka, kurusha, kudaka, kutembea juu ya kamba iliyolazwa chini, vitu vya kujenga mwili na kuzoea kufuata maelekezo. Juu hakuna kikomo, mtu wa miaka 60 anaingia vizuri tu, na hili watu wengi hawalijui, wanadhani ni mambo ya watoto wa shule kwa hiyo ndugu yao akishafika miaka 25 wanamwacha akae ndani.

Sasa madaraja. Wachezaji wanapangwa kwanza kwa jinsia, alafu umri, alafu uwezo. Uwezo unapimwa kwa mchujo wa siku hiyo hiyo au matokeo ambayo kocha alishayapeleka. Chukua wasichana wa mita 100: mmoja kwenye mchujo kapata sekunde 17, wawili 18, mmoja 19, alafu kuna wa 26, wa 27, na wa 29. Kwenye mashindano mengine yote hawa watatu wa mwisho safari yao imeishia hapo. Special Olympics wanawatoa pembeni wanawapangia fainali yao, wale wa 17 mpaka 19 na wao wana yao, kwa hiyo yule wa sekunde 29 anaingia fainali akijua kabisa kwamba akikaza anaweza kumpita wa 26, na kocha wake analijua hilo, ndo maana makelele yanayopigwa kwenye fainali hiyo hayapungui hata kidogo. Daraja moja linakuwa na wachezaji kuanzia 3 mpaka 8, na wanajitahidi tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho isizidi kama asilimia 15. Watatu wa juu medali, wa nne mpaka wa nane riboni, wote wanapanda jukwaani.

Na hapa kuna ujanja umezibwa. Wazazi na makocha wengine wakishajua mfumo wanamwambia mtoto "kwenye mchujo nenda pole pole", ili apangwe na wanyonge akachukue dhahabu kirahisi. Kwa hiyo ipo sheria kwamba ukifanya vizuri kupita kiasi kwenye fainali ukilinganisha na mchujo wako unaondolewa, mashindano mengi yanatumia hiyo hiyo asilimia 15. Yule wa sekunde 26 akija kukimbia 21 kwenye fainali, ametoka. Inauma ikimkuta mtoto ambaye hakudanganya, alikuwa tu kaogopa makelele asubuhi akakimbia ameziba masikio, mchana kazoea kafunguka. Ndo maana kocha mzuri anawahi kwa waamuzi kabla ya fainali kuwaambia huyu wangu hajatoa uwezo wake kwenye mchujo, mpandisheni. Kocha ambaye hata hajui kama kuna kitu kama hicho, mh, mtilie shaka.

Hela: mchezaji hatozwi ada ya kushiriki, hiyo ni kanuni yao ya dunia nzima. Mtu akikuambia lipia ndo mtoto asajiliwe Special Olympics, muulize vizuri. Ila usidhani hutatumia kitu, nauli ya kwenda mazoezini ni yako na muda ni wako.

Kingine kinachowapa pointi nyingi kwangu ni afya. Tangu 1997 wana programu inaitwa Healthy Athletes, kwenye mashindano mengi unakuta madaktari wa kujitolea wanapima macho, masikio, meno, miguu. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini fikiria mtu mzima ambaye hajui kusema "sioni vizuri", miaka yote watu wanasema hasikilizi, mzito kuelewa, kumbe alihitaji miwani tu.

Ubaya upo. Sehemu nyingine Special Olympics ni tukio la siku moja kwa mwaka, mabango, hotuba, fulana, alafu kimya mpaka mwaka unaofuata. Hiyo sio michezo hiyo ni sherehe. Utaratibu wao wenyewe unataka mchezaji awe amefanya mazoezi wiki kadhaa kabla hajashindana, kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ni mazoezi lini na wapi, mashindano yaje baadae. Alafu kuna hii tabia ya kuwafanya watu wazima watoto. Zamani walikuwepo mpaka watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kusimama mwisho wa mbio wakumbatie kila anayemaliza. Kwa mtoto wa miaka 9 sawa. Jamaa ana ndevu, ana kazi yake, kakimbia mita 800 anahema, anakumbatiwa na mtu hata jina lake halijui, ah. Mpe maji, mpe mkono, mwambie muda aliopata.

Na kuna kijana ambaye hapa patamchosha. Mwenye uwezo mkubwa akikosa wa kushindana nae kwenye eneo lake anaweza akawa anashinda kila mwaka bila kutoka jasho, mwisho anaona michezo ni utani. Huyo msomee sehemu ya Virtus huko chini.

Unified

Wazo lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa ndo linapendwa sana mashuleni. Timu moja, jezi moja, wachezaji wenye ulemavu wa akili pamoja na wenza wasio na ulemavu. Idadi zimepangwa: basketi 3 wenye ulemavu na wenza 2, mpira wa watu watano hivyo hivyo 3 kwa 2, wa watu saba 4 kwa 3, wa kumi na moja 6 kwa 5. Kwenye hiyo yote wenye ulemavu ndo wengi.

Kwenye makaratasi hii ndo bora kuliko zote. Uwanjani inategemea, na inategemea sana. Keti utazame mechi ya basketi ya Unified kwa dakika kumi uhesabu kichwani nani anashika mpira. Kuna timu utaona mwenza anachukua mpira kwenye ringi yao, anavuka nao mpaka mbele, anasimama, anampa mchezaji mwenye ulemavu aliyeganda sehemu moja tangu mechi ianze, anamwambia "rusha", anarusha, watu wote wanapiga makofi hata mpira usipogusa ringi, na timu pinzani wamesimama tu wanatabasamu. Huo ni mchezo wa kuigiza. Alafu kuna timu utakaa robo nzima hujajua nani ni nani, yule mfupi namba 7 anapiga kelele "nipe nipe", mwenza kapokonywa mpira kazomewa na wenzake, refa anapuliza faulo kwa wote sawa sawa. Hiyo ndo Unified. Sheria zenyewe zinakataza mwenza kutawala mchezo, lakini refa hawezi kuona kila kitu na kocha anayetaka kombe anajifanya haoni.

Kwa hiyo kabla hujaingia uliza ni Unified ya aina gani maana ziko tatu na hazifanani. Ya ushindani inataka wachezaji na wenza wawe na umri na uwezo unaokaribiana na wote wajue mchezo. Ya kukuza wachezaji inakubali mwenza awe na uwezo zaidi, yuko pale kumwinua mwenzake, wala sio kufunga magoli. Na ya burudani haina masharti makubwa, watu wanacheza wafurahi basi. Kijana anayejua mpira vizuri ukimpeleka kwenye ya burudani atarudi amenuna, na yule ambaye hajui hata goli letu ni lipi ukimpeleka kwenye ya ushindani atapotea kabisa.

Ukiniuliza Unified au Special Olympics ya kawaida kwa anayeanza, mimi nasema anzia ya kawaida, angalau msimu mmoja, ajifunze mchezo wenyewe akiwa na watu wa kasi yake, aijue filimbi, ajue kupanga mstari, kungoja zamu, kushindwa bila kutupa kiatu, alafu ndo umpeleke Unified akiwa na kitu mkononi. Kuna watu watanipinga hapa, watasema uchanganye tangu mwanzo ili asizoee kutengwa, na kwa mtoto wa miaka 5 au 6 nakubaliana nao, wadogo hawana habari na tofauti za watu. Ila kwa kijana wa 14 anayeingia uwanjani mara ya kwanza kati ya wenza wa 14 wanaojua kila kitu, atajiweka pembeni mwenyewe na hakuna sheria itakayomtoa huko.

Unified ina kitu kimoja ambacho nyingine hazina: urafiki wa baada ya mazoezi. Timu inayofanya kazi vizuri wanapigiana simu, wanaalikana sikukuu za kuzaliwa. Kijana mwenye ulemavu wa akili mara nyingi kila mtu anayemfahamu ni ndugu au analipwa kumhudumia, sasa kupata mtu wa rika lako anayekutafuta kwa sababu jumamosi mna mechi, hilo hulipati kwa mtaalamu yeyote.

Virtus na Paralimpiki, njia ya vyeti na saa ya mkononi

Huku hakuna madaraja ya kupanga wa sekunde 29 na wa kasi yake. Huku anayeshika mkia anachujwa, kama michezo mingine yote ya viwango vya juu.

Virtus ndo shirikisho la kimataifa la michezo ya ushindani kwa watu hawa, lilianzishwa 1986 likiwa na jina jingine, likajulikana miaka mingi kama INAS, jina la Virtus limekuja 2019. Lina michezo yake mikubwa kila miaka minne inaitwa Global Games, 2015 ilikuwa Guayaquil kule Ecuador, 2019 Brisbane, 2023 Vichy Ufaransa. Na ndo linalothibitisha kwamba mchezaji ana ulemavu wa akili kweli kabla hajafika Paralimpiki.

Uthibitisho ndo kazi. Wanataka IQ, yaani alama za kipimo cha akili, ya 75 kushuka chini iliyopimwa na mwanasaikolojia kwa kipimo kinachotambulika, wanataka ushahidi kwamba mtu ana ugumu mkubwa kwenye maisha ya kila siku, kuwasiliana, kujitunza, kushughulika na hela na watu, na vyote hivi viwe vilianza akiwa bado kwenye umri wa kukua. Barua ya mwalimu mkuu kwamba "huyu ni mzito darasani" haitoshi. Kwenye Paralimpiki kuna nyongeza, vipimo vya kompyuta vya kumbukumbu na kufikiri, pamoja na kumwangalia akiwa kwenye mchezo wenyewe, maana wanataka kujua ulemavu wake unamwathiri vipi mle mle uwanjani.

Ukali wote huu una sababu. Wachezaji wenye ulemavu wa akili waliingia Paralimpiki ya Atlanta 1996, alafu Sydney 2000 timu ya basketi ya Uhispania ikachukua dhahabu, baadae mmoja wa wachezaji, Carlos Ribagorda, ambaye kumbe ni mwandishi wa habari, akaanika kwamba wengi kwenye timu hawakuwa na ulemavu wowote. Wachezaji 10 kati ya 12. Adhabu ikawaangukia wote wenye ulemavu wa akili duniani, wakafungiwa, Athens 2004 hawakushindania medali, Beijing 2008 hivyo hivyo, wakarudi London 2012. Miaka kumi na mbili, fikiria mtu aliyekuwa na miaka 20 kwenye kilele chake anaambiwa asubiri kwa kosa ambalo hata halijui. Basketi mpaka leo haijarudi Paralimpiki kwa ajili yao.

Kilichorudi ni kidogo. Michezo mitatu: riadha, kuogelea, tenisi ya meza. Kwenye riadha daraja linaitwa T20 kwa mbio na kuruka na F20 kwa kurusha, na unachoweza kushindania ni mita 400, mita 1500, kuruka chini na kutupa tufe. Kuogelea ni S14, tenisi ya meza daraja la 11. Basi. Kijana wako akiwa mkali wa mita 100, Paralimpiki hakuna mita 100 ya kwake, na hili ni jambo la kulijua mapema, ama ajaribu 400 mwili ukiwa bado unajifunza au mlenge Global Games ambako orodha ni ndefu zaidi.

Na kuna suala la wenye sindromu ya Down, hali ambayo mtu anazaliwa nayo. Kwenye Paralimpiki hawana daraja lao, wanawekwa T20 au S14 na watu ambao miili yao haina tofauti na ya wanariadha wa kawaida, wakati wao misuli imelegea tangu kuzaliwa, viungo vinapinda kupita kiasi, na karibu nusu wanazaliwa na tatizo la moyo. Haiwezekani kuita huo ushindani wa haki. Virtus wameliona, wakatengeneza kundi la II2 kwa ajili yao na II3 kwa wenye usonji ambao IQ yao iko juu ya 75, kundi la II1 ndo la ulemavu wa akili kwa ujumla. Pia ipo Trisome Games, michezo ya wenye sindromu ya Down peke yao, ilianza Florence 2016 na 2024 ikawa Antalya. Kijana mwenye Down anayetaka kushindana kwa maana halisi ya kushindana, tazama huko kwanza kabla ya kuota Paralimpiki.

Njia hii sio ya kumchagulia mtu. Mazoezi karibu kila siku, kupimwa muda, kukosa nafasi kwa nusu sekunde. Yeye mwenyewe awe anataka, na unajua anataka akianza kukuuliza wewe "jana nilipata ngapi?" kabla hujamuuliza. Mzazi ndo anataka? Acha.

Klabu ya kawaida

Hapa sina mengi kwa sababu yote yanategemea mtu mmoja, kocha. Faida ni karibu na nyumbani, ndugu zake wanacheza hapo hapo, hakuna vyeti. Hasara, kocha ana watoto wengi na anaongea haraka.

Jaribu hivi. Msikilize kocha akitoa maelekezo. "Haya, kimbieni mpaka koni nyekundu, geukeni, rudini kinyume nyume, mkifika pigeni pasi moja alafu kaeni nyuma ya mstari." Hayo ni mambo matano kwa pumzi moja. Kijana mwenye ulemavu wa akili ameshika "kimbieni", kakimbia, kafika kwenye koni kasimama anaangalia wenzake, kachelewa, wamemcheka. Sasa mwambie kocha agawe: kwanza koni, mkono wake unaonyesha koni, mtoto mmoja anatangulia wengine wanaona, alafu ndo kinyume nyume. Kocha akikujibu "ngoja nijaribu" umepata klabu. Akikujibu "hapa hatuna muda wa mmoja mmoja", shukuru kwa ukweli wake uende.

Michezo ya mtu mmoja mmoja inakubali zaidi hapa. Kuogelea, kukimbia, karate, baiskeli, kwa sababu anashindana na muda wake na hakuna wa kumlaumu kwa pasi mbovu. Mpira wa timu kwenye klabu ya kawaida unakuwa sawa mpaka kama miaka 10 au 11, baada ya hapo ushindi unaanza kuwa na uzito na yule anayeshika mkia anahamia benchi, taratibu, bila mtu kumwambia. Siku ukigundua anafunga safari kila wiki kwenda kukaa benchi amevaa jezi safi, ujue muda wa kuhama umefika.

Usalama, hili ni kwa njia zote nne

Mwenye Down akapimwe na daktari kabla ya kuanza, moyo na shingo. Baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo imelegea, na ikisukumwa vibaya inaweza kubana uti wa mgongo, kwa hiyo mtu akiwa na dalili kama kubadilika mwendo, ganzi, udhaifu wa mikono au kuanza kushindwa kuzuia haja, asiguse mchezo wowote, hasa sarakasi, judo, kuruka majini kichwa mbele na kuogelea mtindo wa kipepeo, mpaka daktari aseme. Mwenye kifafa anaweza kuogelea lakini awepo mtu ambaye macho yake yako kwake tu, sio mwokoaji anayeangalia bwawa zima. Na dawa nyingine zinafanya mtu asivumilie joto, alafu wengi hawasemi kiu, kwa hiyo maji yatolewe kwa saa sio kwa kuomba.

Lingine watu hawapendi kulizungumza: watu wenye ulemavu wa akili wako kwenye hatari zaidi ya kunyanyaswa, na wanyanyasaji wanapenda sehemu zenye watoto na vyumba vya kubadilishia nguo. Programu nzuri haikasiriki ukiuliza nani anawasindikiza chooni, kama watu wa kujitolea wanachunguzwa, na kama mzazi anaruhusiwa kukaa kutazama. Wakikuzuia kutazama, ondoka siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nani aende wapi

Mtoto chini ya miaka 8: Young Athletes kama ipo, au klabu ya kawaida yenye kocha mpole, au vyote. Usihangaike na mashindano.

Miaka 8 mpaka 15 anayeanza: Special Olympics ya kawaida, ila ile yenye mazoezi ya kila wiki. Kama anaogopa mlio wa kuanzishia mbio waulize kama wanaweza kutumia kitu kingine, mara nyingi wanakubali, au mzoeshe kidogo kidogo ukianzia mbali.

Mwenye ulemavu mzito, anayetumia kiti cha magurudumu au anayehitaji kushikwa mkono kila hatua: hapa karibu kote watakuambia pole, ila Special Olympics wana kitu kinaitwa MATP, kwa ajili ya wasioweza bado kushindana kwenye michezo ya kawaida, mtu anafanya kitu kimoja kilichopangwa kwa ajili yake, kusukuma mpira kwenye njia, kugusa shabaha, na anaonyesha alichojifunza mbele ya watu. Uliza kwa jina hilo hilo, maana hata viongozi wengine wa programu hawaitangazi.

Kijana mwenye kasi, anayependa kufundishwa, anayekasirika akishindwa alafu kesho anarudi: klabu ya kawaida ya riadha au kuogelea kwa ajili ya mazoezi ya kila siku, na sambamba anza makaratasi ya Virtus, maana vipimo na nyaraka vinachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Hakuna sheria inayokulazimisha uchague moja, wapo wanaocheza Special Olympics na Virtus kwa pamoja.

Mwenye usonji bila ulemavu wa akili: hapa watu wanagonga mwamba sana. Special Olympics ya kawaida ni kwa ulemavu wa akili au tatizo la ukuaji linalofanana nao sana, kwa hiyo anaweza asikubaliwe kama mchezaji, lakini Unified anaweza kuingia kama mwenza na wengi wanakuwa wenza wazuri mno kwa sababu wanaheshimu sheria kuliko refa. Akitaka kushindana, II3 ya Virtus.

Mtu mzima wa miaka 30 na zaidi ambaye hajawahi kucheza: bocce, kutembea, kuogelea, au Unified ya burudani, kwenye programu inayomwita kwa jina lake la kiutu uzima na kumuuliza yeye anataka mchezo gani. Muulize yeye, sio dada yake aliyekuja nae. Kama haongei mwonyeshe mipira miwili, aguse. Na umpe nafasi ya kubadili mawazo, maana mara ya kwanza wengi wanachagua mchezo ambao rafiki yao anacheza, wiki ya nne hivi ndo unaona macho yake yanaenda uwanja wa pili.

Hela zikiwa za mawazo anza Special Olympics maana haitozi ada. Muda ukiwa wa mawazo anza na iliyo karibu, hata kama sio bora kuliko zote, kwa sababu programu nzuri ya mbali mnaenda mwezi mmoja alafu mnaacha, wakati ya karibu yenye kocha wa wastani anaweza akawa anaenda mwenyewe kwa miguu baada ya muda, na huko kwenda mwenyewe nako ni nusu ya mazoezi.

Siku ya kwanza usimwambie kocha orodha ya asivyoweza. Mwambie vitatu tu: nini kinamtisha, nini kinamtuliza, na akichoka anafanyaje. Mwingine akichoka anakaa chini, mwingine anaanza kucheka, mwingine anapiga. Kocha akilijua hilo mapema hatamwona mkorofi. Alafu kaa pembeni, mbali kidogo, asikuone kila akigeuka.